Aliyekula Chumvi Nyingi

Kazini wananiita Mama Mkojo, na sijawahi kununa, maana ndiyo kazi yangu. Mkojo unaletwa kwangu kwenye madumu ya lita tatu, kila dumu na namba yake, na kila dumu ni mkojo wa mtu mmoja wa saa ishirini na nne. Naupima, nautikisa, nautia kwenye vichupa, navigandisha kwenye friza. Kisha mashine inaniambia mwenyewe alikula nini. Siyo kila kitu, lakini nyama aliyokula inaacha alama, chumvi inaacha alama, na alama hizo hazijui kuona haya.

Mkubwa wa kitengo chetu ni Profesa, mume wa dada yangu mkubwa. Watu wanasema ndiye aliyeniingiza kazini. Ukweli ni kwamba nilikuwa kwenye maabara ile miaka minne kabla yeye hajaletwa, na dada yangu alimfahamu siku aliyokuja kuniletea funguo za nyumba nilizosahau. Usahaulifu ule sijajisamehe mpaka leo.

Profesa alikuwa na dodoso. Maswali mia moja thelathini na moja, yote ya chakula. "Katika miezi kumi na miwili iliyopita, ulikula kabichi mara ngapi?" Hapo unapewa visanduku tisa uchague kimoja, kuanzia "sikula kabisa" mpaka "zaidi ya mara mbili kwa siku". Baada ya kabichi inakuja karoti. Baada ya karoti, maini. Alilitunga zamani, akiwa bado na nywele, na kwa dodoso hilo alipata uprofesa, ofisi yenye zulia, na kiti cha mbele kwenye kila mkutano wa lishe. Hakuna siku aliyojiuliza ni binadamu gani anayehesabu kabichi zake za mwaka mzima.

Mdodosaji wetu, binti mpole anayezunguka nyumba kwa nyumba kuuliza maswali hayo, aliwahi kuniambia kwamba watu humtazama usoni kabla ya kujibu. Wakiona amechoka, wanajibu "mara moja kwa wiki" kwa kila kitu, ili amalize akapumzike. "Wananionea huruma, mama," alisema. Basi huruma hiyo ndiyo iliyokuwa inaingizwa kwenye kompyuta na kuitwa takwimu.

Wafadhili walipokuja kuzungumzia awamu mpya, walitaka jambo moja tu. Dodoso lipimwe kwa mkojo. Watu mia tatu wajibu maswali, kisha wakusanye mkojo wa siku nzima, mara mbili. Siku ya kukusanya wameze vidonge vitatu visivyotibu chochote. Kazi yake ni kutoka tena kwenye mkojo, ili nikivikuta pungufu nijue mtu aliruka dumu akaenda zake chooni. Yaliyosemwa kwenye karatasi yalinganishwe na yaliyotoka mwilini.

Profesa alicheka. "Mimi nimekula chumvi nyingi kwenye kazi hii," aliwaambia, akipiga meza kwa kiganja. "Na mezani pia, nashukuru."

Wote wakacheka naye, maana walikuwa wanajua kisa chake. Alikuwa anakisimulia darasani, redioni, hata kwenye harusi za watu: kwamba yeye hula chumvi kama baba yake na babu yake, kwamba huimimina juu ya chakula kabla hajakionja, na presha yake ni ya kijana wa miaka ishirini. Majani hali; majani, alisema, ni ya mbuzi. Profesa mzima wa lishe, mwenye wanafunzi wanaoandika kila neno lake, anajitoa mwenyewe kuwa ushahidi, mtu mmoja, tumbo moja, na haoni aibu.

Kazi ilichukua miezi saba. Nilipomaliza nikachora mchoro: upande huu protini ambayo watu walisema wamekula, upande ule protini ambayo mkojo ulionyesha wamekula. Kama dodoso lingekuwa na akili, nukta zingejipanga mstari. Zilikaa kama mchele uliomwagika sakafuni. Nikachora wa chumvi, nikapata mchele mwingine.

Nikampelekea ofisini. Wenzetu wanne walikuwemo. Akaangalia karatasi, akaigeuza juu chini kama vile huenda mstari ulikuwa umelala upande wa pili.

"Shemeji," akasema, "friza lako ni bovu."

"Friza ni zima, Profesa. Lina daftari la joto, kila asubuhi na kila jioni."

"Basi ni mikono." Akawatazama wale wanne, akatabasamu. "Undugu una hasara zake, mnaona. Mtu unashindwa kumkaripia."

Nilikunja karatasi zangu nikatoka. Nilikuwa na cha kumjibu, lakini nilijua mpishi anacho bora zaidi.

Mpishi wetu alikuwa zamani mpishi wa shule ya bweni, na kwa agizo la wafadhili hao hao alikuwa amewalisha watu kumi na wawili kwa wiki mbili, ndani ya jengo letu, chakula kilichopimwa kwenye mzani mpaka gramu ya mwisho. Hakuna aliyeruhusiwa kutia kinywani kitu kingine, na mpishi alikuwa anakagua mpaka sahani zilizorudi. Mfupa ukibaki na nyama, anapima mfupa. Mikojo ya watu hao kumi na wawili nilikuwa nayo. Nilipoilinganisha na daftari la mpishi, nukta zilisimama kwenye mstari kama watoto wa shule wanaosubiri kengele. Kwa hiyo friza lilikuwa zima, mikono ilikuwa mizima, na mkojo ulisema kweli. Kilichokuwa kibovu kilikuwa na maswali mia moja thelathini na moja.

Profesa alisoma mchoro wa mpishi, akakaa nao siku tatu. Siku ya nne akapata jibu jipya.

Alinipa jibu hilo nyumbani kwake, Jumapili, mezani. Dada alikuwa amepika kuku wa mchuzi na viazi. Nilikuwa nawatembelea kila Jumapili, kwa ajili ya dada, na kila Jumapili nilikuwa narudi kwangu nimekasirika, nusu kwa sababu ya shemeji na nusu kwa sababu ya dada mwenyewe. Dada yangu alikuwa mwalimu wa hesabu. Alikuwa na kichwa ambacho mimi na Profesa tukiunganishwa hatukifikii. Akaacha kazi, akaingia jikoni, na kila alichosema mumewe alikiitikia "ndiyo, baba". Nilikuwa namdharau kwa hilo. Naliandika hapa bila kuremba, nilikuwa namdharau.

"Nimelipata tatizo," Profesa alisema, huku anatikisa kichupa cha chumvi juu ya sahani kama mtu anayemwagilia bustani. "Watu wetu ni waongo. Dodoso halina kosa, waliojibu ndio wenye kosa. Kwa hiyo tunawaondoa waliodanganya."

"Utawajuaje?"

"Wale ambao mkojo wao haukubaliani na majibu yao."

Nikaweka uma chini. "Shemeji, hao ni zaidi ya nusu. Ukimtoa ukumbini kila anayekupinga, bila shaka utashinda uchaguzi."

"Wanabaki wengi tu. Na mchoro unakaa sawa. Nimejaribu, unapendeza."

"Mimi jina langu silitii kwenye mchoro huo."

"Kwani ni nani aliyelitaka?" Akachukua kipande cha kuku. "Tatizo lenu watu wa maabara ni kudhani binadamu ni chupa. Binadamu anaulizwa. Mtu mwenye akili timamu anajua anachokula."

"Wewe unajua unachokula?"

"Shemeji!"

"Jibu dodoso lako. Leo hii. Na kesho ukusanye mkojo kama wengine."

Dada aliinua macho. "Mwache mzee ale," akasema haraka. Nilidhani ni uoga wake wa kila siku.

Lakini Profesa alikuwa ameshapanda jukwaa. Alitoa dodoso kwenye begi lake, akavaa miwani, akaanza kwa mbwembwe. Swali la nane akakwama. "Mama, kabichi huwa tunakula?" Dada akajibu, "Jumanne." "Na karoti?" "Zimo kwenye mchuzi unaokula sasa hivi, baba." "Hizi ni karoti?" Ilimchukua saa moja na nusu, na theluthi ya majibu yalikuwa ya dada. Penye chumvi, hata hivyo, hakumuuliza mtu. Aliweka alama kwenye kisanduku cha mwisho kabisa, akaikoleza mara mbili.

Dumu lake lililetwa Jumanne asubuhi, limejaa vizuri, na vidonge vyote vitatu vilikuwemo, kwa hiyo hakuruka hata mara moja. Nilipima mwenyewe. Kisha nikapima tena. Mtu aliyeandika kwamba anakula chumvi kuliko wote kati ya watu mia tatu na mmoja alikuwa na sodiamu ya mgonjwa aliye wodini: chumvi yake ya siku nzima haikujaza kijiko kimoja cha chai.

Profesa alipoona namba hiyo, alishangilia. Alishangilia kweli, akasimama, akaita watu kutoka chumba cha pili. "Mmeona? Mimi! Chumvi kidogo kuliko mtoto mchanga! Sasa nani ana swali kuhusu friza?" Akaniwekea mkono begani. "Shemeji, umejimaliza mwenyewe."

Niliondoka na karatasi ile. Nikaketi kwenye kiti cha maabara, nikaisoma upya, safari hii mistari yote, na ndipo nilipoiona potasiamu. Ilikuwa juu sana. Potasiamu ya namna hiyo hutoka kwa mtu anayekula matunda na mboga kama mwenye shamba, na kwa huyu majani ni ya mbuzi. Au hutoka kwa mtu anayetumia ile chumvi ya duka la dawa, wanayoshauriwa wagonjwa wa presha, ambayo sodiamu imepunguzwa na potasiamu ikawekwa mahali pake.

Nilikwenda kwa dada mchana huo huo. Alikuwa anamenya vitunguu. Nikaweka karatasi mbele yake, nikaweka kidole kwenye potasiamu. Mwalimu wa hesabu haelezwi mara mbili. Alifuta mikono, akafunga mlango wa jikoni, ingawa tulikuwa wawili tu nyumbani.

"Mwaka wa nane huu," akasema.

Akanieleza. Daktari alimkuta mumewe na presha ya kuua mtu, akamwambia apunguze chumvi. Profesa akamwambia daktari kwamba yeye ndiye aliyemfundisha lishe chuoni, na kweli alikuwa amemfundisha. Akarudi nyumbani akadai chumvi kama kawaida. Dada akarudi kwa daktari peke yake. Wakapanga. Kila mwezi alikuwa anapunguza robo kijiko kwenye chungu, taratibu, na pengo analiziba kwa ndimu, pilipili na kitunguu saumu. Kichupa cha mezani alikuwa anakijaza ile ya duka la dawa. Kila Jumapili Profesa alikuwa anajipima presha kwa majigambo na kuitangaza namba kwa sauti, na dada, akiwa jikoni, alikuwa anaiandika.

Akafungua kabati, akatoa kalenda nane za ukutani zilizofungwa kwa mpira. Kila mwezi, kiasi cha chumvi. Kila Jumapili, presha. Presha ilishuka ngazi kwa ngazi, mwaka baada ya mwaka, mpaka ikatulia. Miaka kumi na tisa nimefanya kazi kwenye kitengo cha utafiti, na sijawahi kuona utafiti safi kama ule, umefungwa kwa mpira, umekaa nyuma ya unga.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ungemcheka. Halafu angejua." Akanishika mkono. "Mdogo wangu, nakuomba. Ukimwambia, atarudia chumvi kwa hasira tu, ili aonekane mwanaume. Unamjua. Atakufa kwa kiburi."

"Na mimi? Anasema nimeharibu kazi ya miezi saba."

 Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, kuhusu ndoa yake na kuhusu uti wa mgongo. Alisikiliza mpaka mwisho, akarudi kwenye vitunguu. Lakini nilimeza siri. Damu nzito kuliko maji, nami sikutaka kumzika shemeji kwa ajili ya mchoro.

Kikao na wafadhili kilikuwa wiki mbili baadaye, saa nne asubuhi, chumba cha mikutano chenye feni inayopiga kelele. Aliyewaongoza alikuwa mama mmoja mwenye mvi, mtafiti mkongwe, mtu wa maneno machache. Mimi nilikaa mwisho wa meza. Profesa alisimama, akaonyesha michoro yangu, kisha akaiua. Sampuli zimeharibika, alisema. Maabara yetu ina upungufu ambao kwa sababu za kifamilia hakupenda kuutaja. Na uthibitisho, mabibi na mabwana, ni yeye mwenyewe. Akabandika ukutani karatasi ya majibu yake.

"Mimi niliyekula chumvi nyingi! Kipimo kinasema sili. Sasa tuamini mashine au tumwamini mtu?"

Yule mama mwenye mvi alivua miwani, akaisogelea karatasi. Alikaa nayo kidogo.

"Unapenda matunda, Profesa?"

"Hapana. Wala majani. Majani ni ya mbuzi."

"Hm." Akanitazama mimi, mara moja tu, nami nikatazama meza. "Nyumbani kwako anapika nani?"

"Mke wangu, ni nani tena?"

"Umemuuliza?"

"Kumuuliza nini?" Profesa alicheka, akawatazama wengine wacheke naye. Wawili wakacheka. "Tumuulize basi! Tumuulize sasa hivi, tusipoteze muda." Akatoa simu, akaiweka katikati ya meza kwenye spika. Ikaita mara nne.

"Mama, niko na wageni wa kazini, wanakusikia."

"Karibuni wageni," ikasema sauti ya dada, na nyuma yake mfuniko wa sufuria ukalia.

"Waambie tu jambo moja. Mimi nakula chumvi, au sili?"

 Feni ikaendelea.

"Kwa nini wanauliza?"

"Maabara imesema sili. Nawaeleza kwamba maabara imekosea."

"Mdogo wangu yuko hapo?"

"Yupo, ndiye tunayemzungumzia. Jibu tu, mama, watu wana kazi."

Nilimwomba Mungu akate umeme, mtandao, chochote. Kisha dada yangu, ambaye nilikuwa nimemwambia hana uti wa mgongo, akajibu kwa sauti ile ile ya kutaja siku ya kabichi.

"Hajakosea. Huli chumvi, baba. Mwaka wa nane huu. Na hiyo unayomimina mezani ni ya duka la dawa, ya wagonjwa wa presha. Nakijaza kichupa kila Jumatatu." Akangoja kidogo. "Presha yako ilikuwa mia moja tisini. Nina kalenda, kama wageni wanataka kuona."

Hakuna aliyecheka. Profesa alinyoosha mkono kuzima simu, akabonyeza mahali pasipofaa, ikabidi mdodosaji aliyekaa karibu naye amsaidie. Mama mwenye mvi alivaa miwani yake. "Tungependa sana kuziona," akasema.

Wafadhili wakaamua siku hiyo hiyo: dodoso liwekwe kando, kazi iendelee kwa mkojo na kwa mizani ya mpishi. Profesa hakuzungumza na mkewe siku tisa. Alikwenda dukani mwenyewe, mara ya kwanza maishani, akauliza chumvi inakaa wapi, akarudi na pakiti tatu. Akawa anajitilia mbele ya dada, kijiko kizima, akimkazia macho. Siku ya kwanza alimeza huku machozi yanamlenga. Siku ya pili akanywa maji jagi zima. Siku ya tatu akasukuma sahani na kusema kuku ameharibika. Dada akamletea sahani nyingine, iliyopikwa kama kawaida, naye akaila yote akiwa amegeukia dirishani.

Ungedhani mtu wa namna hiyo angetafuta shimo ajifiche. Haukupita mwaka, akatoa makala: "Upunguzaji wa Chumvi Kimyakimya katika Kaya: Ufuatiliaji wa Miaka Minane." Mwandishi, yeye. Takwimu, kalenda za jikoni, ambazo alizitoa kabatini na kusahau kuzirudisha. Alialikwa kuisoma kwenye ukumbi mkubwa, akasimama pale na kueleza jinsi yeye, kwa kuona mbali, alivyojitoa kuwa mhusika wa uchunguzi bila kuutangaza, ili matokeo yasiharibike. Watu walipiga makofi. Mimi na dada tulikaa safu ya tatu. Mwishoni aliishukuru familia yake kwa uvumilivu.

Nje ya ukumbi dada aliniomba ile makala. Akaipekua ukurasa kwa ukurasa, amesimama.

"Mimi nimeandikwa wapi?"

Nikamwonyesha. "Hapa. Wewe ndiye 'kaya'."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Watu wakageuka kututazama. Aliponyamaza, akaikunja makala akaitia kwenye mkoba, akasema anataka kupitia shuleni kwanza, kabla ofisi haijafungwa.

Sasa anafundisha hesabu tena, Jumatano na Ijumaa, mpaka jioni. Siku hizo Profesa hujipikia. Ijumaa ya kwanza alinipigia simu maabara, nikiwa na dumu mkononi, akaniuliza viazi huchemshwa kwa dakika ngapi. Nikamwambia mpaka viive, nikakata.